Kamera ya Dubai au ya Kariakoo? Hesabu ambayo bei ya dukani haikuonyeshi

Karibu kila wiki napata swali lilelile, tena mara nyingi usiku, kutoka kwa mtu ambaye hela anayo tayari mkononi: kuna ndugu yangu anarudi kutoka Dubai wiki ijayo, nimwagize kamera au ninunue tu hapa Kariakoo? Anatuma picha mbili za bei, moja ya duka la huko na moja ya hapa, tofauti labda laki tano, labda laki saba, na anataka nimjibu ndio au hapana. Siwezi kumjibu hivo, kwa sababu zile picha mbili sio bei za kitu kimoja hata kama boksi ni lilelile. Ukinunua kamera unalipia vitu vitatu kwa pamoja: mzigo wenyewe, kodi za nchi mbili, na mtu wa kumshika shati siku ikiharibika. Bei ya Dubai mara nyingi inakuonyesha cha kwanza tu, ya hapa (kama duka ni la kweli) inabeba vyote vitatu, sasa ukizilinganisha hivohivo unajidanganya.

Tuanze na kwanini hapa ni ghali, maana watu wanafikiri ni tamaa ya wenye maduka tu. Sony, Canon na Nikon wote wana ofisi za ukanda huu pale Dubai, na mzigo mwingi wa Afrika Mashariki unapitia huko huko kabla haujafika kwetu. Kwahiyo kamera unayoiona dukani Dar mara nyingi ni ndugu wa ile ya Dubai, imeongezewa nauli, bima, ushuru, VAT na faida ya mwenye duka ambaye amelaza hela yake kwenye mzigo miezi kadhaa. Ushuru wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki una madaraja, sifuri, 10%, 25% na lile la 35% lililoanza Julai 2022, na kila bidhaa ina namba yake ya HS (namba ya forodha ya kutambulisha aina ya bidhaa) inayoipeleka kwenye daraja lake. Na huo ushuru haupigwi kwenye bei ya duka tu, unapigwa kwenye bei ukijumlisha bima na nauli mpaka kufika kwetu.

Sasa hapa ndo penye kitu ambacho wengi hawakioni. VAT haipigwi kwenye bei ya mzigo, inapigwa kwenye mzigo ukiwa umeshaongezewa ushuru. Yaani kodi juu ya kodi. Chukua mzigo wa dola 1,000 hadi kufika, na tuseme kwa mfano tu umeangukia daraja la 25%: ushuru dola 250, halafu VAT ya 18% ya bara inapigwa kwenye 1,250, hiyo ni dola 225, jumla umelipa 475 na bado tozo ya reli na ada ndogondogo. Mzigo huohuo ukiangukia daraja la 10%, ushuru ni 100, VAT inapigwa kwenye 1,100 inakuwa 198, jumla 298. Angalia tofauti hiyo, karibu dola 180 kwa sababu ya namba ya HS tu, kwahiyo kabla hujaagiza chochote muulize wakala wa forodha mzigo wako anauandika kwa namba gani, usisubiri aje kukuambia mzigo ukiwa umeshafika. Kenya VAT yao ni 16% lakini kuna ada ya tamko la mzigo na tozo ya reli juu yake, Uganda na Rwanda ni 18% kama sisi.

Watu wengi wanaamini kitu kikija begani mwa msafiri hakina kodi. Hapana. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inampa msafiri msamaha hadi kiwango fulani cha thamani, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa dola 500, na masharti ni kwamba amekaa nje zaidi ya masaa 24, mzigo anao mwenyewe, na ni wa matumizi yake sio wa biashara. Mtu anayekubebea bodi (kamera yenyewe bila lenzi) ya dola 2,000 ameshavuka kile kiwango cha dola 500 mara nne, tena sio ya matumizi yake. Nawaomba sana msimwagize ndugu yenu mzigo mkubwa bila kumpa hela ya ushuru, maana ni yeye atakayesimama mbele ya afisa pale uwanjani na sio wewe uliyelala nyumbani unasubiri simu. Na ile mbinu ya kutupa boksi na kuivaa kamera shingoni kama ya zamani, mimi siishauri, kwanza ni kukwepa kodi, pili ukikamatwa bila risiti afisa atakadiria thamani mwenyewe, tatu umetupa boksi lenye namba na kadi ya waranti, ambavyo ndo vitu utakavyovitafuta ikiharibika.

Tuje Dubai yenyewe sasa. Toka 1 Januari 2018 kule kuna VAT ya 5% na mtalii anaweza kurudishiwa sehemu yake. Nasema sehemu, sio yote. Duka liwe kwenye mfumo wa marejesho (sio yote yamo, uliza kabla hujatoa hela), manunuzi yafike dirham 250, uonyeshe pasipoti wakati wa kulipa, halafu uwanjani unapitisha karatasi zako kabla hujakabidhi begi kubwa maana wanaweza kutaka kuuona mzigo wenyewe. Unachopata ni 85% ya ile VAT, ukitoa ada ya dirham 4.80 kwa kila risiti. Mfano bodi ya dirham 7,350, ndani yake VAT ni 350, asilimia 85 ni 297.50, toa 4.80 inabaki 292.70. Dirham imefungwa kwenye dola kwa 3.6725 kwahiyo hapo umenunua kamera ya kama dola 2,000 na umerudishiwa kama dola 80. Dola 80 ni hela nzuri, inanunua memori kadi nzuri, lakini haigeuzi uamuzi wa dola 2,000 na wala usikate tiketi ya ndege kwa ajili yake.

Kitu kingine kidogo kinachokula hela ni mashine ya kadi. Ukichomeka kadi ya benki ya hapa, mashine inakuuliza ulipe kwa dirham au kwa shilingi, na muuzaji anakuhimiza shilingi eti ujue umelipa ngapi. Kataa, lipa kwa dirham, kwa sababu ukichagua shilingi kiwango cha kubadilisha anakipanga mwenye mashine na hakiwi kizuri kwako hata siku moja.

Ila kinachowaumiza watu zaidi kule Deira na Bur Dubai sio kodi wala mashine, ni kwamba kamera moja inauzwa kwa njia mbili na hawajui. Kuna mzigo wa wakala rasmi, una kadi ya waranti ya ukanda ule, na kuna mzigo orijino kabisa, kiwanda kilekile, sensa (kile kipande cha ndani kinachonasa picha) ileile, lakini ulikusudiwa soko lingine, Hong Kong au Japani, mfanyabiashara akaununua kule kwa wingi akauleta. Huo wa pili ni nafuu na muuzaji anakwambia waranti ipo. Muulize waranti ya nani. Mara nyingi ni ya duka lake, yaani ikiharibika uirudishe kwenye kaunta ileile, na wewe upo Mbagala. Sio feki, nisieleweke vibaya, picha zinatoka sawa, ila kampuni haikutambui. Marekani ndo wakali zaidi, Nikon ya kule inajulikana kwa kukataa kutengeneza kamera isiyoingia kupitia kwao, hata ukisema utalipia mwenyewe.

Haya mambo ya waranti nayasema kwa uchungu kwa sababu yalinikuta. Mwaka 2019 shemeji yangu aliniletea bodi kutoka Marekani, nikaokoa kama dola 300 ukilinganisha na bei ya hapa, kwa wakati ule ni kama laki sita na tisini, nikafurahi sana. Baada ya miezi minane shata (kile kipazia cha ndani kinachofunguka na kufunga kila ukipiga picha) ikafa Jumamosi asubuhi, nina sendoff saa kumi jioni. Nikaipeleka kwa wanaoitengeneza brandi ile hapa mjini, yule dada akaangalia namba, akaniambia kwa upole kabisa kwamba hii waranti ni ya Marekani, hapa ni ya kulipia na kifaa kinaagizwa. Nikaona bora irudi kwa shemeji, ikasubiri mtu anayesafiri, ikaenda, ikatengenezwa bure kweli, ikasubiri mtu mwingine wa kurudi nayo. Miezi mitatu na nusu. Katikati nikakodi kamera mara 14 kwa elfu 60 kwa siku, laki nane na arobaini. Ile dola 300 niliyookoa ilishaliwa yote na laki moja na nusu juu, na sijahesabu kazi mbili nilizoziacha kwa sababu kamera ya kukodi ilikuwa imeshachukuliwa na mtu mwingine.

Ndo maana swali langu la kwanza kwa mtu siku hizi sio una shilingi ngapi, ni hii kamera inakulisha au ni ya kupiga watoto na safari? Kama inakulisha, tofauti ya laki tano ni bei ya bima. Ilipe.

Lakini hilo nalisema kwenye bodi tu. Lenzi ni habari nyingine kabisa na hapa natofautiana na wenzangu wengi. Lenzi nunua nje bila wasiwasi mkubwa. Haina menyu ya lugha, haina shata inayochakaa, mashine zake za ndani ni chache ukilinganisha na bodi, na ukiitunza isiote fangasi (huku pwani joto na unyevu ndo adui yake mkubwa, weka na vile vipakiti vya kukausha) inakaa miaka na bei yake haishuki ovyo. Mimi bodi zangu mbili za sasa nimenunua hapahapa na risiti zote, lenzi zangu tatu zimetoka nje. Chunga kitu kimoja tu, lenzi isiyo na boksi lake halisi, imefungwa kwenye boksi jeupe. Mara nyingi hiyo ilikuja pamoja na bodi, muuzaji akaitenganisha auze vipande viwili. Ni nzima, lakini iwe nafuu kwelikweli na uulize waranti inasimamia wapi.

Kabla hujalinganisha bei pia hakikisha unalinganisha kamera moja, maana Canon kwa miaka mingi zile kamera zake za wanaoanza iliziita majina matatu kulingana na soko. EOS 700D ya Ulaya na kwetu ndo Rebel T5i ya Marekani na ndo Kiss X7i ya Japani. 2000D ni Rebel T7, halafu 800D ni Rebel T7i. Umeona hapo? T7 na T7i zinatofautiana herufi moja tu lakini ni kamera mbili tofauti, T7i ni ya daraja la juu, ina kioo kinachogeuka na cha kugusa, T7 haina vyote viwili. Nimeshakutana na kijana amelipia T7 mtandaoni akiamini amepata T7i kwa bei ya kutupa, na muuzaji wala hakumdanganya, jina liliandikwa vilevile lilivyo.

Japani kwa vitu vya mtumba hakuna kama wao, maduka ya Shinjuku pale Tokyo wanaandika kila mkwaruzo na wanaogopa kukudanganya, kodi yao ni 10% na mtalii anasamehewa akinunua kuanzia yen 5,000, ila utaratibu unabadilika kuanzia 1 Novemba 2026, unalipa kamili dukani kisha unarudishiwa wakati wa kuondoka. Tahadhari kubwa ni lugha. Sony nyingi zinazouzwa kwa soko lao la ndani zina menyu ya Kijapani tu, hamna pa kubadilisha, na hilo hutaliona kwenye picha ya tangazo, utaliona ukiiwasha nyumbani Mwanza. Kama unanunua Sony iliyotoka Japani mwambie anayekununulia aingie kwenye menyu akupigie picha orodha ya lugha kabla hajalipa.

Uingereza sahau habari ya kurudishiwa. Bei zao zina VAT ya 20% ndani, na toka 1 Januari 2021 mtalii anayenunua dukani London akaondoka nayo begani harudishiwi kitu, labda duka lenyewe likutumie mzigo moja kwa moja nje ya nchi. Ujerumani na Ufaransa bado wanarudisha. Marekani bei unayoiona haina kodi, unafika kaunta New York inaongezeka 8.875% na hairudi, wakati Oregon na Delaware hawana hiyo kodi kabisa, kwahiyo ndugu akiwa huko ni vizuri kujua yupo jimbo gani. Muscat, ambako Wazanzibari wengi wana jamaa, VAT ni 5% toka Aprili 2021.

Umeme na video niseme kidogo. Chaja za kamera karibu zote zinapokea volti 100 hadi 240 kwahiyo haziungui, tatizo ni pini tu, na za Dubai na Uingereza ni zilezile pini tatu nene kama zetu. Video ndo inahitaji akili, kamera ya Marekani au Japani mara nyingi inakuja imepangwa kwa fremu 30 na 60, sisi umeme wetu ni hezi 50, ukipiga ndani ya ukumbi wenye taa za bei rahisi unaona mistari inatembea kwenye picha. Kwenye bodi nyingi unaingia kwenye menyu unabadilisha kutoka NTSC (mfumo wa video wa Marekani na Japani) kwenda PAL (wa kwetu), unapiga fremu 25 kwa sekunde na kasi ya shata 1/50, mistari inapotea. Usiirudishe kamera kwa sababu hiyo.

Kwa wanaoagiza mtumba, wa nje au wa hapa, sharti la kwanza ni hesabu ya shata, yaani imeshapigwa picha ngapi. Canon 6D ilikadiriwa shata 100,000, 5D Mark IV na Nikon D750 ni 150,000. Ukijua mpiga harusi anapiga kama picha 2,500 kwa shughuli moja basi harusi 40 tu zinamaliza 100,000, hiyo ni mwaka mmoja kwa mtu mwenye kazi nyingi. Nikon inaandika hiyo namba ndani ya faili la picha yenyewe, muombe muuzaji akutumie picha moja mbichi (isiyohaririwa) aliyoipiga leo, Canon nyingi hazitoi hivo, zinataka programu na waya wa kompyuta, na muuzaji wa kweli atakufanyia.

Ndugu akibeba, betri za akiba zikae kwenye begi la mkononi, sio begi la kupakia, hiyo ni sheria ya ndege zote kwa betri za lithiamu. Za kamera za kawaida ni ndogo, ile NP-FZ100 ya Sony ni 16.4 Wh (kipimo cha umeme betri inaoweza kubeba) na mwisho wa kubeba bila kuomba ruhusa ni 100 Wh. Zile kubwa za taa na kamera za sinema, kati ya 100 na 160, shirika la ndege lazima likubali kwanza na ni mbili tu.

Na ukiamua kununua hapa, basi ile hela ya ziada ikununulie kitu kweli, maana kuna maduka yanatoza bei ya wakala na kuuza mzigo wa begani. Dai risiti ya EFD yenye jina la kamera, sio karatasi ya kuandika kwa mkono, dai kadi ya waranti igongwe muhuri na tarehe, linganisha namba ya chini ya kamera na ya kwenye boksi, halafu uliza: ikiharibika naipeleka mtaa gani? Nenda mpaka huo mtaa ukaone kama kuna fundi kweli. Bei iwe ya shilingi pia, kanuni za 2025 zimekataza kupanga bei kwa dola ndani ya nchi. Betri ya akiba nunua palepale na risiti yake, kwa sababu betri feki za LP-E6 (zile za Canon) zimejaa, zinavimba na kukwama ndani ya bodi. Ukiuziwa feki, Tume ya Ushindani, FCC, ndo wanaoshughulika na bidhaa bandia, na bila risiti hawana pa kuanzia.

Namba ya bodi na za lenzi ziandike, zipige picha pamoja na risiti, uzitume kwenye imeili yako mwenyewe leoleo. Siku utakayosafiri na kamera yako kwenda kupiga harusi Nairobi au Muscat halafu ukarudi, afisa wa forodha haoni tofauti kati ya kamera uliyoondoka nayo na uliyoinunua huko, na kitakachomwonyesha kwamba kodi yake ilishalipwa ni hiyo karatasi.